Miche Iliyooshwa Mizizi

Kila asubuhi, kabla pasi haijashika moto, dobi alimfunga binti yake kamba za viatu. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisikia vizuri, aliona vizuri, ila hakuwahi kutamka neno. Kelele zilimtia hofu. Nguo yenye kola ngumu ilimliza. Lakini akifurahi, mikono yake ilipepea hewani, juu chini, juu chini. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipepeo.

Kipepeo alisoma katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Walikuwa tisa. Mwalimu wao, kijana mpole, alianzisha bustani barazani. Kila mwanafunzi alipewa kopo la rangi lililotobolewa chini, udongo, na mche wa nyanya.

"Wote nyanya," alisema. "Sitaki mtoto aone mwenzake kapendelewa."

Jumatatu, wanafunzi walikwenda chumba cha kulia kunywa chai ya saa nne. Waliporudi, kopo la Kipepeo lilikuwa tupu. Mche wake ulikuwa umelazwa sakafuni. Haukuvunjika. Mizizi yake ilikuwa imeoshwa, myeupe kama nywele za bibi kizee. Majani yalielekea getini.

Mwalimu alipanda mwingine. Jumanne, saa ile ile, nao ukalala vile vile. Majani getini. Mizizi myeupe. Sakafuni hapakuwa na chembe ya udongo.

Jumatano ililala mitatu kwa mpigo, imepangwa sambamba kama watu waliofunikwa shuka. Mmoja ulikuwa wa Kipepeo. Miwili ilikuwa ya wenzake waliopakana naye.

Mlinzi wa shule aliitazama, akavua kofia.

"Mimi nimelinda ghala, nimelinda benki, nimelinda hata makaburi," alisema. "Sijaona mwizi anayeosha kitu halafu akakiacha."

Maneno hayo yaliruka ukuta. Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba baraza ile ina wenyewe. Jioni mtaa ulikuwa umeshampata wa kumlaumu.

"Mimi sisemi kitu, wifi," alisema dada wa mume wa dobi, huku akisema. "Ila limeanza kwenye kopo la nani? Mkono wa mtoto wako mzito. Akigusa, kinakufa."

"Wifi, acha hayo."

"Nimeacha. Nakwambia tu wanavyosema."

Mkali kuliko wote alikuwa seremala. Mwanawe, anayetumia kiti cha magurudumu, aliitwa Meneja kwa jinsi alivyowapangia wenzake kazi. Mche wa Meneja ulikuwa mmoja wa ile mitatu. Seremala alikwenda shule na vumbi la mbao kichwani.

"Yule binti atolewe!" alifoka.

Mwalimu mkuu hakupenda kelele. "Nawapa mpaka Ijumaa," alisema. "Isipoeleweka, siku za bustani Kipepeo abaki nyumbani."

Dobi, aliyekuwa ameitwa shuleni, alirudi nyumbani na maneno hayo. Siku za bustani zilikuwa tatu kwa wiki. Alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtoto anaanza kubaki siku tatu, kisha nne, kisha kiti chake kinapewa mwingine. Alimtazama binti yake akizungusha kifuniko cha chupa sakafuni. Kwa mara ya kwanza alimwogopa, na kwa hofu hiyo akajichukia.

Ndipo akaingia jirani yake, Mama Kitalu, kuchukua mashuka yake. Mama huyu aliuza miche ya kila aina. Zamani alifundisha bustani katika kituo cha watoto wenye ulemavu. Dobi alimweleza yote.

"Kuna mtu aliyekaa akaangalia?" aliuliza Mama Kitalu.

"Nani athubutu?"

"Mimi na wewe. Jini gani hilo, shoga, linafuata ratiba ya chai?"

Dobi alicheka bila kutaka.

Alhamisi, wanawake hao wawili walijificha katika stoo iliyotazamana na baraza. Dirisha lilikuwa dogo na lina vumbi. Kengele ikalia. Watoto wakapanga mstari, Kipepeo wa mwisho kama kawaida. Mstari ukapinda kona. Sauti zikafifia.

Kimya kikatanda. Jua lilikuwa kali, lakini dobi alihisi baridi mgongoni. Bomba lilidondosha tone. Likadondosha jingine. Makopo tisa yalikaa tu, na majani ya nyanya yalitikisika ingawa hakuona upepo.

Kisha kukawa na mtu pale.

Hakumsikia akija. Kipepeo alikuwa amesimama mbele ya kopo lake, macho kayafumba, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mlangoni. Aliushika mche kwa ncha za vidole, akauvuta polepole. Akaupeleka bombani. Akauosha mzizi kwa mzizi. Akaulaza sakafuni, majani getini. Udongo uliodondoka aliukusanya kwa kiganja na kuurudisha koponi. Kisha akaanza kusugua viganja vyake kwenye gauni, akasugua, akasugua, hadi vikawa vyekundu.

 Dobi alitaka kupiga kelele. Mama Kitalu akamshika mkono.

"Tulia. Mtoto anasema."

"Anasema nini? Kimya hivi?"

"Tazama viganja."

Kipepeo alipoondoka, walitoka stoo. Mama Kitalu alichuma jani la nyanya, akamwekea dobi mkononi. "Lisugue. Unasikia nini?"

"Lina vinyweleo. Linakwaruza kidogo. Na harufu kali." Dobi alitazama vidole vyake. Vilikuwa na rangi ya kijani inayonata.

"Kwako kidogo. Kwa ngozi yake ni kama kushika siafu. Wewe mwenyewe umesema kola inamliza. Amepewa kitu kinachomuumiza na hana neno la kukataa. Basi anakitoa nje. Anakiosha kwanza, anakionyesha geti. Ana adabu kuliko sisi."

"Na ile ya wenzake?"

"Makopo yao yanagusana na lake. Majani yalikuwa yanamfikia."

Dobi alikaa kwenye ngazi, akalia. Siku tatu mtoto alikuwa amesema sitaki, na watu wazima walisikia mashetani.

Mwalimu alipoelezwa, uso ulimshuka. "Lakini niliwapa sawa wote."

"Uliwapa sawa, mwanangu, ila hukuwauliza," alisema Mama Kitalu. "Mwanafunzi achague mwenyewe. Usimwekee mimea kumi, atachanganyikiwa. Mwekee miwili, mimea yenyewe, si picha. Aguse, anuse, atazame. Kisha nyamaza usubiri. Jibu si lazima liwe neno. Akisogeza mkono, akikaza macho, akitabasamu, akigeuza uso, hilo ni jibu."

"Na wewe unaleta mimea gani?"

"Inategemea mtoto. Anayetetemeka mikono, mpe mbegu kubwa kama maharage. Asiyeweza kungoja, mpe kunde, zinaota ndani ya siku chache. Asiyeona, mpe mimea ya kunukia. Anayetia kila kitu mdomoni, mpe mmea usiodhuru hata akila jani. Jani la nyanya si la kula. Na mnyonyo usiukaribishe hapa kabisa, mbegu zake ni sumu."

Ijumaa saa nne walikusanyika barazani. Mwalimu mkuu alikuja. Seremala alikuja, mikono kifuani. Mlinzi alisimama mbali, karibu na geti, tayari kwa lolote.

Mwalimu aliweka vyungu viwili mbele ya Kipepeo. Nyanya kushoto, mnanaa kulia. Akanyamaza.

Mkono wa Kipepeo ulinyanyuka, ukaning'inia hewani juu ya vyungu. Haukushuka. Dobi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Kumi. Kumi na tano. Seremala alikohoa. Mwalimu hakusogea.

Kisha mkono ukashuka kushoto, ukaisukuma nyanya hadi ukingoni. Ukarudi kulia. Kipepeo aliinama, akauzika uso wake ndani ya mnanaa, na kutoka kwenye majani ikatoka sauti. Ilikuwa nyembamba, ndefu, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mlinzi alishika geti. Dobi hakuwahi kuisikia sauti ile maishani mwake. Alichelewa kutambua kwamba mwanawe anaimba.

Mikono ya Kipepeo ikaanza kupepea.

"Hilo ni jibu," alisema mwalimu mkuu taratibu. "Anabaki."

Seremala alishusha mikono. Alimgeukia mwanawe. "Na wewe? Unataka nyanya yako?"

"Sitaki," alisema Meneja. "Nataka maharage yanayopanda juu. Nyanya iko chini, siifikii. Kila siku mwalimu ananimwagilia."

"Mbona hukusema?"

"Baba, mlikuwa mnauliza?"

Seremala alikipima kiti cha mwanawe kwa shubiri. Jumatatu iliyofuata alileta meza ya mbao yenye kingo, imejazwa udongo, na yenye kimo cha kutosha kiti cha magurudumu kuingia chini yake. Mharage ulipotambaa hadi juu ya kamba yake, Meneja alimwita baba yake aje kuripoti kazini.

Baada ya miezi miwili kila mwanafunzi alikuwa na mmea alioutaka. Hakuna mche uliolazwa tena sakafuni. Mnanaa wa Kipepeo ulifurika kopo, ukahamishiwa beseni.

Siku moja dobi alipita shuleni saa nne, wanafunzi wakiwa kwenye chai. Baraza ilikuwa na kimya kile kile. Kipepeo alitokea bila kishindo, akamshika mama yake mkono. Mkono wake ulikuwa baridi wa maji ya bomba. Alimketisha kwenye ngazi. Akaleta chungu chenye chipukizi la mnanaa wake, akakiweka kulia. Akaleta cha mrehani, akakiweka kushoto.

Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamkazia mama yake macho, na kusubiri.