Triko ya Bwana Yangu Ndani ya Kitunga ya Mama Kavugho

Niko na miaka makumi tano na mbili, niko mama ya batoto batano, ninakaa Beni, komine ya Mulekera. Kanisani batu bananisalimia na heshima. Leo ninataka niwaambie kitu kile ile heshima inafunika... Kama mutanichukia katikati ya hii habari, mutakuwa na haki. Mais musome mpaka mwisho, tafazali.

Wakati wa vita nilikuwa kijana, na batoto babili. Bwana yangu Kambale alikuwa anasukuma kinga, baiskeli yake, yenye bidoni za mafuta ya mawese, toka Beni mpaka Butembo kwenye baridi. Juu ya ile baridi nilimufumia triko, sweta ya bluu, shingo nyekundu. Kwenye mukono wa kushoto nilikosea, nikaruka mustari moja. Kambale akakataa nifumue. Akasema ile kosa ndiyo signature yangu.

Siku moja basoda bakamukamata njiani, bakamubebesha masanduku ya risasi. Batu tu ndio baliniletea habari. Yeye hakurudi.

Miezi mbili! Nilikula machozi. Kisha risasi zikaanza kulia karibu na kwetu, nikabeba batoto, tukakimbia na miguu mpaka Butembo, kwa Mama Kavugho. Alikuwa mujane, mama ya kanisa, Kambale alikuwa analala kwake kila safari. Alitupokea bila kuuliza tutakaa siku ngapi. Akatupa kitanda yake, yeye akalala chini kwenye mukeka.

Sasa mujue kitu moja. Mimi ninaomba kwa sauti! Asubuhi bamama ya kikundi ya maombi tulikuwa tunakutana kanisani, kila mumoja anatoa ombi lake. Mimi nikianza, hata kuku za jirani zinaamuka. Nilikuwa ninataja jina ya Kambale, njia alipotea, basoda bale balimukamata, kila kitu. Nilifikiri Mungu anapenda mambo yenye kuelezwa vizuri.

Wiki ya tatu, Mama Kavugho akageuka.

Kila siku alikuwa anatoka na kitunga, kikapu yenye kufunikwa na kitambaa, anasema anaenda shambani. Mais anarudi mikono mitupu! Shamba gani ile haitoe hata kiazi moja? Bugali ilikuwa inapunguka ndani ya sufuria mbele tuguse. Nikiingia kwenye jiko, anafunika kitunga haraka. Siku moja nikamuona anatoka kwa mutu wa dawa, anaficha kitu ndani ya kitenge. Nikamuuliza kama ni mugonjwa. Akaniambia:

"Masika, chota maji, jua inapanda."

Maji! Nikaanza kumuchunga. Nikahesabu saa zake za kutoka na kurudi. Chakula chake nikawa ninaonja kwanza mbele nipatie batoto. Ndiyo, chakula cha mutu mwenye kulala chini kwa ajili yangu! Moyo ukishaingia mashaka, hauna haya.

Kisha ile siku... Alikuwa ameenda kwenye chanzo ya maji. Nikafungua kitunga. Chini ya kitambaa, triko ya bluu. Shingo nyekundu. Mukono wa kushoto, mustari moja yenye kurukwa. Ilikuwa imefuliwa, lakini alama ya damu ilibakia.

Kambale amekufa! Na huyu mama anakula pamoja na bauaji, banamugawia mpaka nguo za bwana yangu! Niambieni ninyi, mungefikiri nini?

Ningemungojea kwenye mulango wa jiko na kumuuliza. Neno moja tu. Mais hapana, mimi niko mutu wa maombi! Asubuhi nikasimama katikati ya bamama, nikapandisha mikono na sauti: Bwana, funua mwanamuke mwenye kuficha triko ya bluu ya Kambale, mwenye kukamatwa na basoda, funua Mama Kavugho! Bamama bakalia, bakasema Amina. Na ndani ya moyo, Mungu anisamehe, nilisikia utamu.

Dirisha za kanisa hazikuwa na vioo, na basoda balikuwa banapita inje. Saa tatu basoda balikuwa kwenye lupango, kiwanja ya nyumba yake. Bakamuuliza Mama Kavugho: mwenye ile triko, iko wapi? Akaniangalia mimi tu. Bakamupeleka.

Siku munane. Nilikuwa ninajiambia ni haki yake.

Siku ya munane bakamuachilia, juu muchungaji alienda kulia kwao kila asubuhi. Alirudi uso umevimba, damu imekauka kwenye sikio. Hata hakuketi. Akachukua bugali ya jana na maji, akatoka. Na mimi, bandugu, bado nilimushuku! Nikamufuata nyuma nyuma mpaka shambani kwake, mbali, kwenye kibanda ya kuchungia mihogo.

Ndani nikasikia kikohozi. Kile kikohozi nilikijua.

Kambale alikuwa amelala juu ya majani, muguu umevimba na kuoza, midomo imepasuka. Alitoroka basoda na kidonda ya risasi, akafika kwa Mama Kavugho saa ile nilikuwa sokoni. Yule mama ndiye alimuficha. Ndiye alimuletea chakula na dawa. Siku munane hakukuwa mutu wa kumuletea, akatafuna mihogo mibichi!

Nikamupigia Mama Kavugho kelele: "Mbona hukuniambia?"

Kambale ndiye alijibu, sauti ndogo kabisa. "Ni mimi nilimukataza. Nilimuambia, hapana kumuambia Masika... ataomba."

Muguu bakaukata kwenye hospitali. Angepata dawa zile siku munane, asingeupoteza. Na sikio la kushoto la Mama Kavugho halikusikia tena. Yule mama alipigwa siku munane na hakutoa neno, na mimi bila fimbo hata moja nilitoa yote!

Miezi mingi nilikaa benchi ya nyuma. Siku ya Meza ya Bwana nilikuwa ninatoka inje. Kuomba? Mudomo ulikataa. Muchungaji akaniambia: "Masika, Mungu hakukutuma kule nyuma. Ulijipeleka wewe mwenyewe." Donc siku bazee ya kanisa balipouliza, kama desturi yetu, nani iko na neno na mwenzake mbele ya kukaribia Meza, nikasimama. Nikasema yote, mbele ya bale bamama balisema Amina.

Mama Kavugho akainuka. Nikafikiri atanipiga. Akanishika mukono, akanikalisha pembeni yake, akavunja mukate wake, akanipa nusu. "Wasingya Nyamuhanga," akasema kwa Kinande, luga yetu, ni kusema asante Mungu. Pale ndipo nililia machozi yenye kuponya. Niliona kama Yesu hakungojea nistahili.

Wasomaji, kama muko na mashaka na mutu, mumuulize yeye kwanza, kwenye mulango wake, na sauti ya chini. Musimupeleke Mungu mashitaki mukiita ni maombi. Musipite njia yangu, nawasihi!

Leo Kambale anashona viatu na mukongojo pembeni. Mama Kavugho amezeeka, anakaa kwetu Beni, na kitanda kizuri ni chake. Mimi siku hizi ninaomba polepole, karibu bila sauti. Jana Mama Kavugho akanivuta kitenge, akageuza sikio lake lenye kubakia, akacheka.

"Masika, pandisha sauti, mutoto wangu. Nitasema Amina namna gani kama sikusikii?"