Rangi ya Mafuta Ukumbini

Kila Jumamosi, ikikaribia saa kumi alasiri, Yusra huosha vyombo mbio mbio. Saa kumi ndiyo saa ya *Majumba ya Fahari* kwenye televisheni! Katika kipindi hicho wauzaji hufungua milango mikubwa, mabwawa yanameta, na nyumba kuukuu hupigwa rangi ikawa kasri kabla hujamaliza andazi lako.

"Bibi, na sisi tung'arishe ukumbi kabla ya harusi ya mamdogo Khairat!" alisema Jumamosi moja. Harusi ilikuwa Ijumaa.

Bi Jokha, bibi yake, alicheka. "Vyema, mjukuu wangu. Lakini kamuulize kwanza fundi Miraji. Kuta za nyumba hizi za Mji Mkongwe, yeye ndiye azijuaye."

Fundi Miraji alikaa kichochoro cha pili tu. Lakini kwenye kipindi nani humuuliza fundi? Yusra hakwenda. Baadaye akasema, "Nshamuuliza, bibi. Kasema tupake tu."

Akachukua rangi ya mafuta iliyobaki milango ilipopakwa, akaupaka ukuta mkubwa. Lo! Ukuta uling'aa, majirani wakaja kusifu, na Yusra kichwa kikamvimba. "Karibuni kwenye jumba la ndoto!" akatangaza, mwiko wa pilau mkononi kama kipaza sauti.

Jumatatu na Jumanne mvua ikanyesha. Jumatano rangi ikafura malengelenge, lipu ikamomonyoka sakafuni.

"Miraji huyu!" Bi Jokha alifoka huku akivaa buibui. "Harusi kesho kutwa, ataka kuniaibisha? Nnakwenda kumwambia asikanyage tena kwangu!"

Yusra aliingiwa na hofu. Fundi Miraji, ampaye kashata kila Sikukuu, afukuzwe kwa uongo wake? Akamwahi bibi mlangoni. "Bibi, sikumuuliza! Nilikuongopea." Akaangua kilio.

Bi Jokha alimshika mkono. "Haya, twende ukamwambie mwenyewe."

"Shikamoo, ami," Yusra alisema walipofika kwa fundi, kisha akaeleza yote.

"Marahaba. Ewe mtoto!" Fundi alitikisa kichwa. "Kuta zetu ni za mawe na chokaa. Hunyonya maji, kisha huyatoa. Ukizipaka rangi ya mafuta umeziziba pumzi. Haya, beba ndoo!"

Alhamisi kutwa Yusra alikwangua, akachekecha mchanga, akachota maji, mpaka mikono ikamwuma. Fundi akaziba mapengo na kupaka chokaa. Ijumaa ukuta ulikuwa mweupe pe! Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilisikika mpaka sokoni.

Jumamosi, saa kumi, Bi Jokha aliketi karibu na mjukuu wake mbele ya televisheni.

"Bibi, hunikatazi kutazama?"

"Kwani televisheni ndiyo iliyopaka ukuta?"

Kwenye kipindi, muuzaji alikuwa akisifu ukuta uliopakwa jana yake. Yusra akaruka kitini. "Bibi! Yule kamuuliza fundi?"

Bi Jokha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ndivyo uangalie, mjukuu wangu. Furahi, lakini uliza. Wao hukuonyesha mlango ukifunguliwa. Mvua ikinyesha hawapo. Na ukiulizwa wewe, sema kweli. Ukuta tumeutengeneza kwa siku moja. Jina la Miraji ningelichafua, tungelisafisha kwa chokaa gani?"