Mita Kumi na Nane

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia watoto mlango, Mama Mlezi alikwenda nyuma ya nyumba kutazama chemba. Chemba ni lile shimo lenye mfuniko ambalo majitaka hupitia kwenda kwenye bomba la mtaa. Alisimama, akanusa, akakagua pembeni mwa mfuniko. Pakiwa pakavu, alishusha pumzi. Jumatano hiyo hapakuwa pakavu.

Maji meusi yalikuwa yametambaa hadi karibu na bembea. Watoto kumi na wanne walishinda katika nyumba hiyo wakati mama zao wako kazini. Afisa wa afya alikwisha kumwambia bila kuficha kwamba angerudi Ijumaa. Akikuta majitaka uani, kituo kitafungwa.

"Si walishazibua?" mumewe aliuliza. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mambo ya mabomba hakuyajua.

"Walizibua. Mimi mwenyewe nilisaini."

Kweli alisaini. Wiki mbili nyuma, mafundi wa mkandarasi aliyepewa kazi na manispaa walikuja na lori la maji. Walisukuma maji kwa nguvu ndani ya bomba, uchafu ukashuka. Msimamizi wao akamletea karatasi na kalamu. Vijana walikuwa wamelowa, jua kali, mtaa mwingine unawasubiri. Mama Mlezi aliona muhali kuwachelewesha watu waliomsaidia, akasaini bila kusoma. Muhali ndio ugonjwa wetu. Tunaogopa kumuudhi mtu kwa dakika mbili, halafu harufu inatukuta wiki mbili baadaye.

Alimwaga mchanga juu ya maji, akawafungia watoto ndani, akampigia simu wifi yake. Huyu dada wa mumewe alikuwa karani katika idara ya majitaka ya manispaa. Alifika saa ya chakula cha mchana, akaomba nakala ya ile karatasi, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Wifi, umesifu mchuzi kabla hujaonja," alisema akicheka.

Mama Mlezi hakucheka. Wifi alipoyaona macho yake aliacha utani, akaketi kumweleza. Alisema mkataba wa manispaa na mkandarasi una kazi mbili. Kwanza ni kusafisha bomba. Pili ni kupitisha kamera ndogo ndani yake, toka chemba moja hadi nyingine, ili ionekane kwamba bomba ni safi na ni zima. Maji kushuka si ushahidi, kwa sababu hata tundu dogo hupitisha maji kwa muda. Mkazi husaini mwisho, akishaona picha. Sahihi yake ndiyo inayoiambia manispaa kwamba kazi imekwisha.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaruhusu waondoke," Mama Mlezi alisema.

"Ni wewe. Na ni wewe utakayewarudisha. Lete malalamiko ofisini leo, taja namba ya karatasi. Mkataba unawataka warudi kesho. Wakija, tazama namba iliyo chini ya picha. Inahesabu mita ambazo kamera imetembea. Usisaini mpaka ilingane na urefu wa bomba."

"Huo urefu nitaujuaje?"

"Pima toka chemba hadi chemba. Nyumba ya fundi cherehani inakosaje cha kupimia?"

Mama Mlezi alipeleka malalamiko. Aliporudi, yeye na mumewe waliupima mtaa kwa utepe wa kupimia nguo, wenye urefu wa mita moja na nusu. Mume aliinama, mke akahesabu. Wapita njia waliuliza ni nani huyo anayeshonewa gauni refu kiasi hicho. Walipofika chemba ya pili walikuwa wameulaza utepe mara ishirini na saba. Mita arobaini na nusu.

Alhamisi mafundi walirudi. Walisukuma maji, kisha wakaingiza kamera. Mama Mlezi alisimama mbele ya kioo cha picha, mkono kifuani. Picha ilitembea, ikasimama. Chini yake paliandikwa 18.

"Imekwama kidogo, lakini maji yanapita," msimamizi alisema, akimpa kalamu. "Weka sahihi, mama, tusikuchoshe."

Muhali ule ule ulimrudia. Vijana walikuwa wamelowa tena. Na afisa angekuja kesho. Huenda maji yasingepanda kabla ya Jumamosi. Alikwisha kuishika kalamu. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Hapa ni kumi na nane. Bomba letu ni arobaini na nusu. Hizo nyingine nani ameziona?"

Msimamizi alimtazama, akatazama orodha yake ya mitaa, akaguna. Hakubisha. Aliagiza kamera iingizwe kupitia chemba ya pili. Ilitembea mita ishirini na mbili, ikasimama mbele ya mizizi minene iliyopenya kwenye ufa wa bomba. Katikati ya mizizi kilikuwa kimenasa kikombe kidogo cha njano chenye picha ya bata.

Mama Mlezi angeweza kunyamaza. Vikombe vya bata viko vingi duniani.

"Hicho ni changu," alisema. "Tumekitafuta mwezi mzima. Kumbe kilitumbukizwa chooni."

Msimamizi alicheka, akamwambia mizizi ilianza na kikombe kikamalizia. Walikata mizizi, wakakitoa kikombe, wakasafisha upya. Safari hii kamera ilikwenda mpaka mwisho, na namba ikasoma arobaini na nusu. Ufa uliandikwa kwenye ripoti ili manispaa ije kubadilisha kipande hicho cha bomba, na wiki iliyofuata kilibadilishwa. Mama Mlezi alisaini Alhamisi hiyo hiyo, baada ya kuiona namba ile. Jioni mumewe alifunga komeo juu ya mlango wa choo, mtoto asiingie peke yake.

Ijumaa afisa wa afya alikuja. Alizunguka uani, akagonga mfuniko wa chemba kwa kiatu, akainama, akanusa. Palikuwa pakavu. Alisema kituo kitabaki wazi. Afisa alitoa fomu yake, akamwonyesha mstari wa chini.

"Saini hapa tu, mama. Nina haraka kidogo."

Mama Mlezi alivaa miwani. Akamvutia afisa kiti, kimoja cha vile vidogo vya watoto.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Bado nasoma."