Sahihi Kabisa

Sokoni Bariadi, kwenye mafungu ya mitumba, Felisita alikuwa ameshika gauni la bluu lenye vifungo vyeupe alipoisoma fulana ya mwanamume aliyesimama mbele yake. Akacheka mpaka akaegemea meza ya muuzaji.

"Mwadila, mayu," mwanamume akamsalimu kwa Kisukuma. "Kuna nini?"

"Kaka, hiyo fulana unajua imeandikwaje?"

"Kiingereza."

"Imeandikwa, 'Mimi ni bibi, wajukuu wangu wananipenda.'"

Mwanamume huyo, Mihayo, akajitazama kifuani. Mwaka mzima alikuwa akienda nayo kanisani. "Na padri anakijua Kiingereza," akasema polepole.

Wakacheka wote wawili, na mambo yakaanzia hapo.

Felisita alifundisha Kiingereza, hesabu na kompyuta katika chumba cha kupanga kule Somanda. Siku hizo kila tangazo la kazi lilidai hayo matatu, na mji ulijaa watu waliopunguzwa kazini viwanda vilipouzwa. Mihayo alikuwa mmoja wao. Miaka kumi alichambua pamba, kisha akapewa barua. Wiki ileile ya kukutana sokoni akaja kujiandikisha. Fomu iliuliza sababu ya kujiunga. Sababu ilikuwa imekaa mbele yake na gauni lake la bluu, lakini nani huandika hivyo kwenye fomu? Akaandika: kupata kazi mgodini. Kalamu ile ingeishiwa wino palepale, nisingekuwa na hadithi.

Felisita akaamini. Na kwa kuwa alimpenda, alimfundisha kwelikweli.

"Taratibu, Bibi, hiyo si jembe," alimtania kwa jina la ile fulana, akimwongoza vidole juu ya kibodi.

"Mwalimu, ukinishika hivyo nasahau hata herufi za jina langu."

Barua ya maombi aliiandika naye, akaipeleka posta mwenyewe. Alijua kwamba kila somo linamsogeza mbali. Lakini amzuie mtu kupata kazi kwa sababu ya moyo wake? Hakuweza.

Mgodi ukamwita kwenye usaili. Jumanne wakafanya mazoezi mbele ya darasa. Sheria ilikuwa moja: anayesema Kiswahili anafagia chumba.

"Kwa nini unataka kuondoka unakoishi?" Felisita aliuliza kwa Kiingereza.

Mihayo akamtazama machoni, akajibu kwa Kiingereza pia, "Kwa sababu hapa hakuna mtu aliyeniambia nibaki."

Jibu lilikuwa zuri, halikuwa na kosa, na wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wanamtazama Felisita.

"Sahihi kabisa," akasema.

Mihayo akaketi.

Wiki tatu baadaye, katikati ya kipindi, simu ya Felisita iliita. Akatoka nje.

"Mwalimu, niko stendi. Nimepata kazi. Nimesaini miaka mitatu."

"Unaondoka leo? Bila kuniaga?"

"Nakuaga sasa. Nilikwambia hakuna aliyeniambia nibaki, ukasema sahihi kabisa."

"Nilidhani ni mazoezi, Bibi."

"Kiingereza ndicho kilichokuwa mazoezi, mpenzi."

Felisita akaushika ukuta. "Usiende. Mihayo, nakupenda, usiende."

Nyuma ya sauti yake konda alikuwa akigonga bodi la basi. "Ungeniambia Jumanne ile," Mihayo akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Sasa wananisubiri kesho asubuhi. Na nyumbani wote wananitegemea mimi. Nifanyeje, Feli?"

Simu ikakatika.

Alirudi darasani na macho mekundu. Lukresia, mama muuza samaki, alikuwa amesimama akingoja zamu yake, Felisita akamuuliza swali lilelile la usaili. Lukresia akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mji huu hauna tena la kumshika. Darasa likasubiri neno la mwalimu.

"Ni kweli hayo, dada Lukresia?" Felisita akauliza kwa Kiswahili.

Jioni ile mwalimu alichukua ufagio, akafagia chumba chote mwenyewe.