Boneti Ikigongwa Mara Mbili

Rafiki yetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa akimkimbiza mama mkwe wake hospitali jioni moja ya mvua, akakuta barabara imemezwa na maji. Mkewe akashuka na fimbo kupima kina.

"Nikigonga boneti mara mbili, sogea. Nisipogonga, tulia, usije ukamzamisha mama yangu."

Taa za gari hazikuonyesha kitu ila mvua. Boneti ikagongwa mara mbili. Akasogea kwa gia ya kwanza, bila kuachia mafuta. Ikagongwa tena, akasogea, maji yakipanda milangoni.

Ghafla mkewe akatokea nyuma, akang'ang'ania dirisha, anahema. "Baba watoto, unakwenda wapi? Daraja limesombwa. Mimi nilisharudi kwa pembeni, nakuita husikii."

Akakanyaga breki. Chini ya miguu yake sakafu ikagongwa, taratibu, mara mbili.