Mgeni wa Kwanza Kuhesabiwa

Rafiki yangu Resiato anafanya kazi katika ofisi ndogo ya utalii hapa Karatu. Haya alinisimulia mwenyewe tukimenya viazi, na sikuweza kumaliza kumenya.

Watu wengi walikuwa wakibonyeza tangazo la ofisi mtandaoni, lakini mfumo ulionyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyeweka nafasi.

"Resi, mia wanaingia, hatoki hata mmoja? Hii ni tovuti au kaburi?" bosi wake, Sadiki, alimtania. Kisha akanuna. "Ikifika saa kumi bado ni sifuri, nafuta tangazo, na wewe ukapumzike nyumbani."

"Jamani bosi, na mimba hii ya miezi sita?"

Sadiki alitoka, akafunga mlango. Nje ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na umeme ukakatika. Resiato akabaki kwenye gizagiza na kompyuta yake ya mpakato, akitumia betri na intaneti ya simu. Alirekebisha sehemu ya mfumo inayohesabu wanaoweka nafasi kupitia tangazo, akafungua fomu ya kuweka nafasi ili aijaribu.

Kabla hajagusa kitu, akasikia vitufe vikibonyezwa polepole nyuma ya kiti chake. Aligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Aliporudisha macho, sifuri ilikuwa imekuwa moja. Akafungua taarifa za mgeni.

Jina: Naserian.

Kwao mtoto hapewi jina kabla ya kuzaliwa. Hilo alikuwa amemchagulia mtoto aliye tumboni, moyoni mwake tu, hata mumewe hakumwambia.

Chini yake paliandikwa: Tarehe ya kuwasili, leo.