Mchicha na Keki ya Ghorofa Tatu

Sogea hapa, ukae vizuri. Hii ni hadithi ya Namkunda, wa kule kwenye milima ya Upare. Huko njia zote zinapanda, na zisipopanda, zinashuka.

Namkunda alikuwa na miaka sita. Baba yake alikuwa mwoka keki. Mama yake alikuwa dereva. Na nje ya nyumba yao lilisimama gari moja kuukuu la kijani.

Gari hilo liliitwa Mchicha.

Baba akishaoka, mama anapeleka. Namkunda alikaa kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akatega masikio.

Mchicha alianza na sauti nene. Mmmm.

Kisha sauti ikapanda. Miiii.

"Umemsikia?" mama aliuliza. "Amechoka na gia ya kwanza. Sasa anataka ya pili."

Mguu wa mama ulikanyaga, mkono wa mama ukasogea, na mdomo wa mama ukaimba:

*Kanyaga klachi, taratibu.*
*Weka gia, taratibu.*
*Achia klachi, taratibu.*
*Mchicha, twende zetu.*

Kli. Gia ikaingia. Mmmm, Mchicha akaendelea na safari, na hakuna aliyetikisika.

Namkunda aliipenda hiyo kli kuliko pipi.

"Mama, unajuaje kama muda umefika?"

"Kwa masikio," mama alisema. "Na kwa kitako."

Namkunda alicheka mpaka mkanda ukambana. Lakini mama hakuwa anatania. Ukikaa kwenye gari ukatulia, kiti kinakuambia mambo mengi.

Basi, siku moja Mwalimu Senzia alikuwa anaolewa. Mwalimu Senzia alifundisha chekechea, na watoto wote walimpenda. Keki ya harusi ingetoka kwa baba yake Namkunda.

"Keki yako itafika imesimama," Namkunda alimwahidi mwalimu. "Haitaanguka hata kidogo."

Baba alichapa siagi na sukari. Akaoka. Akapamba. Ikawa keki ya ghorofa tatu, nyeupe pe.

Namkunda alipanda juu ya kigoda. Kwa mikono yake mwenyewe akaweka ndege wawili wa sukari pale juu kabisa.

Mambo yalikuwa mazuri hadi hapo. Kisha akaja kuku.

Kuku aliingia jikoni, akaiona keki, akaipenda. Mama akamfukuza. Kuku akakimbilia uani, mama naye nyuma yake, na uani kulikuwa na tope.

Pwata. Mama akateleza.

Kuku alikuwa mzima. Mguu wa mama ulivimba kama kitumbua.

"Mguu gani?" baba aliuliza.

"Wa kushoto," mama alisema. "Mguu wa klachi."

Magari mengine yote ya kijijini yalikuwa yamekwenda kumchukua bibi harusi. Na pikipiki je? Hapana. Keki ya ghorofa tatu haipandi pikipiki.

"Basi nitaendesha mimi," baba alisema.

Nyumba nzima ilinyamaza. Hata kuku alinyamaza.

Baba alikuwa na leseni, ndiyo. Ila leseni yenyewe ilizoea kulala kabatini.

"Baba Namkunda," mama alisema, "umsikilize Mchicha. Atakuambia mwenyewe anataka nini."

"Nitahesabu," baba alisema. "Nikifika kumi, nabadili gia. Kila kitu kina kipimo chake."

Mama alimtazama Namkunda. Namkunda aliitazama keki.

Baba alilaza ubao kwenye kiti cha nyuma, ukakaa sawa. Akaweka keki juu ya ubao. Akalifunga sinia lake kwa mkanda, kama abiria. Namkunda alikaa pembeni, akafunga mkanda wake, akalishika sinia kwa mikono miwili.

Mmmm, Mchicha akaondoka.

"Moja, mbili, tatu," baba alihesabu. Alihesabu mpaka kumi. Akavuta gia.

Krrraaaa.

Mchicha aliruka. Tuku, tuku, tuku. Keki nayo ikatikisika. Tiki, tiki, tiki. Kisha, pu. Mchicha akazima.

"Haidhuru," baba alisema. "Tunaanza upya."

Mmmm. "Saba, nane, tisa, kumi."

Krrraaaa. Tuku, tuku, tuku.

Ndege mmoja wa sukari aliteleza. Alimwegemea mwenzake, karibu aanguke. Machozi yakamlengalenga Namkunda.

"Baba, simama."

Baba alisimamisha gari kando ya njia. Akageuka nyuma. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Naogopa keki itaanguka," Namkunda alisema. "Na mimi nilimwahidi mwalimu."

"Mimi pia naogopa," baba alisema. "Hili gari halinielewi."

Mlima ulikuwa bado uko mbele yao.

Namkunda alifuta machozi. Akawaza. Akawaza tena.

"Baba, ukichapa siagi na sukari, huwa unahesabu?"

"Hapana. Nahesabu ya nini?"

"Sasa unajuaje kama zimekolea?"

Baba alikuna kidevu. "Naisikia tu kwenye mwiko. Mwanzoni ni nzito. Halafu inalainika mkononi, na mimi najua tayari."

"Basi na Mchicha ni hivyohivyo," Namkunda alisema. "Usimhesabie. Msikilize."

"Kwa masikio?"

"Na kwa kitako."

Baba alicheka. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka. Akawasha gari.

Mmmm. Mkono wa baba ulikimbilia gia.

"Bado, Baba."

Mmmmm.

"Bado."

Miiii.

"Sasa," Namkunda alisema. Wakaimba wote wawili:

*Kanyaga klachi, taratibu.*
*Weka gia, taratibu.*
*Achia klachi, taratibu.*
*Mchicha, twende zetu.*

Kli.

Mchicha hakuruka. Keki haikutikisika. Baba alitoa macho.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Mbona sijasikia kitu?"

"Ndivyo inavyotakiwa, Baba."

Sauti ikapanda tena. Miiii. Safari hii Namkunda hakusema neno. Baba alisikia mwenyewe. Kli. Gia ya tatu ikaingia laini kabisa, kama kisu kwenye siagi.

"Ahaa," baba alisema. Akatabasamu mpaka Namkunda akaliona tabasamu kwenye kioo.

Wakapita migomba. Wakapita mfereji wa maji. Njia ikaanza kupanda, na Mchicha akaanza kulalamika. Nguu. Nguu. Nguu.

"Anasemaje huyu?" baba aliuliza.

"Anasema mlima mzito. Anaomba arudi ya pili."

Kanyaga, weka, achia, taratibu. Kli. Mchicha akavuta pumzi na kupanda. Baba alikuwa anafurahi sasa. Alifurahi sana, hata akawa anaisubiri kona inayofuata, aone itataka gia gani.

Na kwenye kona inayofuata, palepale penye mwinuko mkali kuliko yote, alisimama ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mkubwa mwenye madoa. Alisimama katikati ya njia, anatafuna. Mama mmoja alikuwa anamvuta kwa kamba, na ng'ombe hana habari.

"Mtusamehe," yule mama alisema. "Huyu akiamua kusimama, amesimama."

Baba alikanyaga breki. Mchicha akasimama, pua ikitazama mawingu. Nyuma yao kulikuwa na mteremko mrefu.

Ng'ombe alitafuna. Wakasubiri. Ng'ombe akatafuna tena. Mwishowe akatikisa mkia na kuondoka, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Njia ilikuwa wazi. Lakini baba hakuondoka.

"Namkunda," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiachia breki, tutarudi nyuma. Mama hufanyaje hapa?"

Namkunda alifumba macho. Alimkumbuka mama, mkono wake, mguu wake, na jinsi anavyonyamaza kila akifika mahali kama hapa.

"Anavuta breki ya mkono. Anaweka gia ya kwanza. Anakanyaga mafuta kidogo, anaachia klachi kidogo tu. Halafu anasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Kitako kitetemeke."

Baba akavuta breki ya mkono. Akaweka gia ya kwanza. Akakanyaga mafuta kidogo, akaachia klachi kidogo, kidogo tu.

Mmmm. Hamna kitu.

Mmmm. Bado.

Kisha sauti ya Mchicha ikazama. Pua yake ikainuka kidogo. Na chini, kwenye kiti, kikaja kitetemo kidogo. Trrrr.

Baba alikisikia. Namkunda alikisikia.

"Sasa," walisema pamoja.

Baba alishusha breki ya mkono. Mchicha hakurudi nyuma hata kidogo. Alining'inia pale mlimani, akawaza, kisha akaanza kupanda, polepole, na keki yake ya ghorofa tatu.

"Huyo ndiye dereva," yule mama alimwambia ng'ombe wake.

Namkunda alikuwa amebana pumzi muda wote. Sasa akaiachia. Wakaimba mpaka kileleni:

*Kanyaga klachi, taratibu.*
*Weka gia, taratibu.*
*Achia klachi, taratibu.*
*Mchicha, twende zetu.*

Harusini watoto wa chekechea walikuwa wamejipanga mstari. Mwalimu Senzia alikuwa amevaa gauni refu jeupe. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari.

"Shikamoo, Mwalimu," Namkunda alisema. "Keki yako imefika imesimama."

"Marahaba, Namkunda wangu," mwalimu alisema. Akainama, akatazama ndani. Ghorofa ya kwanza ilikuwepo. Ya pili ilikuwepo. Ya tatu ilikuwepo. Na juu, ndege wawili wa sukari walikuwa wameegemeana vichwa.

"Jamani, wamependeza," mwalimu alisema. "Nani amewaweka hivi, wanapendana hivi?"

Namkunda alimtazama baba. Baba alikohoa.

"Gia ya pili," Namkunda alisema.

Mwalimu hakuelewa. Alicheka tu, akamkumbatia.

Watu wakaimba, wakala, wakacheza. Jioni ilipokaribia, baba alisema ni wakati wa kurudi. Wakapanda Mchicha.

Pale njia inapogawanyika, baba alipunguza mwendo.

"Tupite njia ndefu," alisema.

"Kwa nini, Baba?"

"Ina kona nyingi."

Basi wakapita njia ndefu. Kwenye kona, kli. Kwenye tambarare, kli. Kwenye mteremko, baba aliweka gia ya pili, na Mchicha akashuka mwenyewe taratibu, anaguna, wala hakuhitaji breki nyingi. Baba alipiga mluzi. Namkunda alichezesha miguu. Hakuna aliyetaka kufika.

Lakini walifika.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mguu wake uko juu ya kigoda.

"Nani amewaleta?" aliuliza.

"Mimi," baba alisema.

"Usinitanie, Baba Namkunda. Nimelisikia gari tangu kule kwenye mfereji. Nimesikia gia ya tatu, halafu ya pili, halafu ya tatu tena, na hakuna hata mkwaruzo. Nikasema, huyo si mume wangu."

Baba alinyoosha kola ya shati lake. "Nilikuwa na mwalimu," alisema.

Mama alimgeukia Namkunda. Alifungua mikono tu, na Namkunda akakimbilia ndani yake. Namkunda alijisikia mkubwa, mkubwa sana, ingawa bado alienea vizuri kwenye mapaja ya mama.

Wakala wali. Wakala na kipande cha keki. Namkunda akanawa miguu, akapanda kitandani. Baba alimfunika blanketi.

Mama alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja, akashika mlango.

"Uvimbe umeanza kupungua," alisema. "Nadhani wiki ijayo nitaendesha mwenyewe."

Baba alilinyoosha blanketi, ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Mguu si wa kuharakishwa, Mama Namkunda," alisema. "Uache upumzike. Upumzike sana."

Mama alianza kucheka. Namkunda naye alicheka ndani ya blanketi, akacheka na kucheka, na usingizi ukamchukua hapohapo, katikati ya kicheko.